Uliza Muuguzi: Mwenye aleji haombi hisani

Barua za aleji zimenijia nyingi kuliko kawaida, na nilipozisoma kwa pamoja nikaona jambo moja. Wengi wenu hamniulizi dawa. Mnaniuliza mfanyeje na watu: mwalimu asiyetaka kuelewa, bosi anayewaambia mkishindwa muache kazi, mama mkwe anayeona mnamdekeza mtoto. Kwa hiyo ukurasa wote leo nimewapa nyinyi. Barua ndefu nimezifupisha na majina nimeyaondoa.

SWALI

Shikamoo mama muuguzi. Mwanangu ana miaka minne, ana aleji kali ya karanga. Mara ya mwisho alianza na vipele shingoni, midomo ikavimba, akatapika, kisha akawa anakohoa mfululizo na sauti inakwaruza. Tulilazwa. Daktari ametuandikia sindano ya adrenalini, ile inayofanana na kalamu. Sasa ameanza chekechea, na mwalimu mkuu anataka nisaini karatasi kwamba likimpata lolote shule haihusiki. Sindano anasema itakaa kwenye kabati la ofisini kwake, lenye kufuli. Na wakati wa kula mtoto atakaa peke yake kwenye meza ya pembeni. Mume wangu anasema tusaini yaishe, shule yenyewe ni nzuri. Mimi moyo unakataa.
Mama wa Kifungua Mimba

JIBU

Marahaba mwanangu. Usisaini.

Karatasi hiyo haimlindi mtoto hata kidogo. Inamlinda mwalimu mkuu, na hata yeye nina shaka kama inamlinda, maana anayempokea mtoto wa mtu asubuhi amepokea na dhamana ya uhai wake mpaka mzazi arudi kumchukua. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao karibu nchi zote duniani zimeuridhia, unampa mtoto haki ya afya katika ibara ya 24 na haki ya elimu katika ibara ya 28. Hakuna mahali unapomtaka achague moja.

Na unachokiomba si kitu kigeni. Mwaka 2003, katika jimbo la Ontario nchini Kanada, msichana wa miaka 13 aitwaye Sabrina Shannon alikula chipsi shuleni. Alikuwa na aleji ya maziwa, na inaaminika chipsi zile ziligusana na jibini. Alifariki. Mama yake hakunyamaza, na mwaka 2005 bunge la jimbo likapitisha sheria inayobeba jina la binti huyo, ikaanza kufanya kazi Januari 2006. Inazitaka shule ziwe na mpango wa kuzuia hatari, kila mtoto mwenye aleji kali awe na mpango wake mwenyewe ulioandikwa, na walimu wafundishwe. Uingereza nako, tangu Oktoba 2017 shule zinaruhusiwa kununua sindano za adrenalini za akiba bila cheti cha daktari chenye jina la mwanafunzi. Mwambie mwalimu mkuu hayo kwa upole, asije akadhani umebuni wewe.

Sasa lile kabati. Hapo ndipo ningesimama imara kuliko popote. Utafiti wa vifo vya aleji uliochapishwa Uingereza mwaka 2000 ulionyesha kwamba kati ya waliouawa na chakula, nusu yao pumzi au moyo ulisimama ndani ya dakika 30. Kwa waliodungwa na nyuki au nyigu ilikuwa dakika 15, na kwa waliochomwa dawa hospitalini, dakika 5. Katika dakika hizo ondoa zile za mwalimu kushangaa, za kuulizana "huyu ana nini?", za kumtafuta mkuu ambaye pengine ametoka kwenda mkutanoni na funguo mfukoni. Sindano ikae darasani au palipo na mtoto, juu ambapo watoto hawafiki, bila kufuli, na kila mtu mzima wa shule ajue ilipo. Isikae kwenye friji wala juani.

Omba pia walimu wasiopungua wawili wafundishwe kuichoma, kwa sababu mmoja ataumwa siku moja. Mafunzo si marefu. Ukiwa na sindano iliyokwisha muda wake, usiitupe: mpe mwalimu aichome kwenye chungwa, asikie ule mlio na mshituko wa mkono. Mtu aliyekwisha kufanya hivyo mara moja hataganda siku ya siku. Inachomwa upande wa nje wa paja, katikati, hata juu ya nguo. Mtoto alale chali, miguu iinuliwe. Kama anahangaika kupumua akae, ila asisimamishwe wala asitembezwe, maana shinikizo la damu limeshuka na kumsimamisha ghafla kunaweza kumuua. Gari la wagonjwa liitwe papo hapo. Dakika tano zikipita bila nafuu, inachomwa ya pili kama ipo. Hata akichangamka aende hospitali, kwa sababu dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye.

Watu wengi hukimbilia kidonge au dawa ya maji ya aleji kwanza, wasubiri waone. Dawa hiyo inatuliza mwasho na vipele tu. Haifungui koo lililovimba na haipandishi presha iliyoanguka. Adrenalini ndiyo inayobana mishipa ya damu iliyolegea na kufungua njia za hewa, na ndiyo ya kwanza.

La meza ya pembeni: likatae. Mtoto wa miaka minne anayetengwa kila mlo atajifunza kwamba aleji ni aibu, na akifika ujanani ataificha. Akae na wenzake, mwisho wa meza, karibu na rafiki ambaye chakula chake hakina karanga. Watoto wote wanawe mikono kwa maji na sabuni kabla na baada ya kula. Dawa ya kupaka ya kuua vijidudu haitoshi hapo, kwa sababu inaua vijidudu lakini haiondoi protini ya karanga mikononi. Usidai shule nzima ipige marufuku karanga. Wataalamu wengi hawaishauri marufuku ya namna hiyo: ni ngumu kuisimamia, na inawafanya watu walegeze macho wakiamini hatari imekwisha. Dai mpango ulioandikwa, uliosainiwa na daktari, wewe na shule. Hiyo ndiyo karatasi ya kusaini.

SWALI

Dada muuguzi, habari za kazi. Mtoto wangu ana mwaka mmoja na nusu, amethibitishwa ana aleji ya maziwa ya ng'ombe. Mama mkwe wangu ananipenda na ananisaidia sana, sitaki kumsema vibaya. Lakini juzi nilimkuta anamlambisha mtoto mtindi kwa ncha ya kijiko, anasema "azoee kidogo kidogo, sisi tumelea watoto na hatukujua hayo maaleji yenu". Mtoto alitoka mabaka mwili mzima. Mume wangu anasema nisimvunjie mama heshima. Na mimi mwenyewe nimechanganyikiwa, nasikia siku hizi madaktari wanasema watoto wapewe vitu hivyo mapema. Je, mama yuko sahihi?
Mkwe Mwenye Heshima

JIBU

Pole sana mdogo wangu. Mambo mawili yamechanganywa hapa, na si kosa lako kuchanganyikiwa.

Ni kweli ushauri umebadilika. Mwaka 2015 watafiti wa London walitangaza matokeo ya utafiti uliofuatilia watoto wachanga 640 wa kati ya miezi 4 na 11, wenye ukurutu mkali au aleji ya mayai. Waliopewa chakula cha karanga mara kwa mara mpaka miaka mitano walipata aleji ya karanga kwa kiwango cha chini sana kuliko walionyimwa, pungufu ya kama asilimia 80. Tangu hapo tunawaambia wazazi wasicheleweshe vyakula hivyo bila sababu. Lakini watoto ambao kipimo cha ngozi kilionyesha kwamba mwili tayari unakataa karanga kwa nguvu hawakuingizwa katika utafiti ule. Ulikuwa utafiti wa kuzuia aleji isianze. Mwanao yake imeshaanza, na anayemlambisha mtindi anampa kile kile kinachomdhuru.

Ipo tiba ya kumzoesha mtu chakula kwa kipimo kidogo kinachopanda polepole. Hufanywa na daktari bingwa, dozi inapimwa kwa miligramu, dozi ya kwanza na kila inapoongezwa mgonjwa hukaa chini ya uangalizi na adrenalini iko mkononi. Ncha ya kijiko jikoni haina kipimo. Leo mabaka, kesho haijulikani. Ukali wa mara iliyopita hautabiri ukali wa mara ijayo.

Kuhusu mama: usigombane naye, na usimwachie mume wako aamue kwa kunyamaza. Anayepaswa kuzungumza na mama ni mwanawe wa kumzaa, na afanye hivyo kabla mtoto hajaachwa naye tena. Kisha siku ya kliniki nendeni naye. Nimeona mara nyingi wodini: bibi ambaye nyumbani hasikii la mtu, akikaa mbele ya daktari na kuona kile kipele kikinyanyuka mkononi mwa mjukuu kwenye kipimo cha ngozi, dakika kumi na tano tu tangu tone liwekwe, hubadilika kabisa. Baada ya hapo mpe yeye kazi ya kulinda. Afundishwe kusoma lebo na kutumia dawa ya dharura. Bibi aliyeshawishika ni mlinzi ambaye hata wewe utamwogopa.

Na mpe habari njema, kwa sababu anaistahili: watoto wengi wenye aleji ya maziwa hupona wakikua, wengine kabla ya kuanza shule. Ndiyo maana mtapangiwa kupimwa tena kila baada ya muda. Siku ya kumjaribisha maziwa itafika, ila itafika kliniki.

Kuna wengine wameniandikia wakisema wao pia wana "aleji ya maziwa" kwa sababu wakinywa tumbo hujaa gesi na kuharisha. Mara nyingi hiyo ni upungufu wa kimeng'enya kinachosaga sukari ya maziwa. Inasumbua kweli, lakini haifungi koo. Msiwaambie wenye aleji kwamba "hata mimi ninayo na nakunywa kidogo".

SWALI

Habari mama. Mimi ni mwokaji, mwaka wa sita sasa. Nikiwa kazini pua zinatiririka, macho yanawasha, na siku hizi kifua kinabana usiku. Nikiwa likizo napona kabisa. Meneja anasema unga haujawahi kumuua mtu, na asiyeweza aache kazi, wanaotaka nafasi wako wengi nje. Nina familia. Nina haki gani?
Mwokaji

JIBU

Swali lako nalijibu kama muuguzi na kama mtu aliyepita humo humo.

Nilianza kazi wakati glovu za mpira zilikuwa zikipakwa unga mweupe ndani ili zivalike kwa urahisi. Mikono ilianza kuniwasha, kwanza katikati ya vidole, nikabadilisha sabuni. Ikafuata ngozi kupasuka, halafu chafya kila nikiingia chumba cha upasuaji, hata kabla sijavaa chochote. Siku moja nilikula ndizi wakati wa mapumziko, midomo ikachonyota na kuvimba. Daktari mmoja kijana akaunganisha mambo: aleji ya mpira asilia, ambayo kwa watu wengi hushirikiana na ndizi, parachichi na kiwi kwa sababu protini zake zinafanana. Ule unga wa glovu ulikuwa unabeba protini ya mpira hewani, ndiyo maana nilipiga chafya bila kugusa kitu. Msimamizi wangu aliniambia maneno yale yale ya meneja wako. Niliandika barua, nikaambatanisha cheti cha daktari, nikadai glovu zisizo za mpira kwa ajili yangu na glovu zisizo na unga kwa chumba kizima, kwa sababu zangu peke yake zisingenisaidia na hewa ya pale. Haikuwa haraka, lakini zilikuja, na wenzangu wawili waliokuwa wakikohoa kimyakimya wakapata nafuu pia. Marekani ilikuja kupiga marufuku glovu za unga za matibabu moja kwa moja, kuanzia Januari 2017. Mpaka leo nikienda kwa daktari wa meno swali langu la kwanza ni glovu.

Ugonjwa wako unajulikana kwa karne nyingi, na kitabibu unaitwa pumu ya waokaji. Chanzo ni vumbi la ngano au nafaka nyingine, na mara nyingi pia kimeng'enya kinachoongezwa kwenye unga ili mkate uumuke vizuri. Hali ya kupona likizo na kuumwa kazini ndiyo alama yake kubwa. Shirika la Kazi Duniani linaiweka pumu inayosababishwa na kazi katika orodha yake ya magonjwa ya kazini. Mkataba wake namba 155 wa mwaka 1981 unamtaka mwajiri ahakikishe mahali pa kazi ni salama kadiri inavyowezekana, na unamlinda mfanyakazi anayejiondoa penye hatari kubwa na ya karibu kwa maisha au afya yake. Mwaka 2022 shirika hilo liliiweka haki ya mazingira salama ya kazi miongoni mwa haki za msingi kabisa za mfanyakazi.

Fanya hivi. Anza leo kuandika kwenye daftari: tarehe, zamu, ulikuwa kwenye mashine gani, dalili, usiku ulilalaje. Nenda kwa daktari na daftari hilo, mwambie kazi yako kabla hajakuuliza, umwombe kile kifaa cha kupuliza kinachopima nguvu ya pumzi. Utapima mara kadhaa kwa siku, siku za kazi na siku za kupumzika, na tofauti ikionekana kwenye karatasi meneja hana la kusema. Usikawie. Katika ugonjwa huu, anayeendelea kuvuta vumbi kwa muda mrefu baada ya dalili kuanza ndiye ambaye mapafu yake hayarudi kama zamani.

Kisha dai marekebisho, kwa maandishi, ukipitia chama cha wafanyakazi kama kipo. Unga umiminwe polepole, usirushwe. Mashine ya kuchanganyia iwe na mfuniko, na pawe na feni ya kufyonza vumbi pale linapoanzia. Sakafu isafishwe kwa kitambaa kibichi au mashine ya kufyonza. Ufagio mkavu na upepo wa kompresa vinarudisha vumbi lote hewani. Barakoa ni ya mwisho, si ya kwanza. Na kama daktari atasema huwezi kubaki karibu na unga kabisa, omba kuhamishiwa upakiaji, usafirishaji au stoo, ukiwa na mshahara wako, kabla hujakubali neno "acha".

SWALI

Salamu binti yangu. Nina miaka 64. Toka utotoni nimeambiwa nina aleji ya penisilini na kila faili langu limeandikwa hivyo kwa wino mwekundu. Sikumbuki kilichotokea. Nitaandamwa na hilo mpaka kufa?
Mzee wa Faili Jekundu

JIBU

Shikamoo mzee wangu. Pengine hapana. Marekani, kama mtu mmoja kati ya kumi ameandikwa kuwa na aleji hiyo, na wakipimwa vizuri, tisa kati ya kila kumi hukutwa hawana. Wengine walipata vipele vya ugonjwa wenyewe vikadhaniwa ni vya dawa. Wengine walikuwa nayo kweli ikaisha: kama asilimia 80 ya waliokuwa na aleji ya haraka ya penisilini huipoteza baada ya miaka kumi.

Wino huo una gharama. Unakufanya upewe dawa za antibiotiki zenye wigo mpana zaidi, wakati mwingine zenye madhara zaidi na zinazochochea usugu wa vijidudu. Omba upelekwe kwa daktari wa aleji. Ulizia ndugu wanaokumbuka: ilikuwa dawa gani, dalili zilikuja baada ya muda gani, ulilazwa? Angalia pia kama umewahi kumeza amoksilini baadaye bila kudhurika, kwani ni ya ukoo huo huo. Kama kuna anayekumbuka ngozi ilichubuka au kutoa malengelenge mdomoni na machoni, useme mapema, maana aliyepata hivyo hajaribiwi tena dawa hiyo. Na tafadhali usijipime nyumbani.

SWALI

Dada, mimi nina aleji ya ufuta. Nikila nje nauliza, naambiwa "hakuna", na mara mbili nimeishia hospitali. Dukani lebo nyingine zimeandikwa "huenda ina chembe za" kila kitu duniani. Nina haki ya kuambiwa ukweli au nibaki kula nyumbani tu?
Mla Nyumbani

JIBU

Unayo haki, na imepiganiwa kwa damu. Julai 2016 binti wa miaka 15, Natasha Ednan-Laperouse, alinunua mkate uliojazwa kabla ya kupanda ndege kutoka London kwenda Nice. Ufuta ulikuwa umekandwa ndani ya unga wenyewe, na lebo haikuutaja. Alifariki siku hiyo. Kwa juhudi za wazazi wake, tangu Oktoba 2021 sheria ya Uingereza inataka chakula kinachofungashwa palepale kinapouzwa kiwe na orodha kamili ya viambato, vyenye aleji vikionyeshwa kwa msisitizo.

Kamisheni ya Codex, chombo cha viwango vya chakula cha FAO na WHO, yale mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya, iliweka orodha ya kimataifa ya vyakula vya kutajwa siku zote mwaka 1999, na ufuta haukuwemo. Umoja wa Ulaya unataja makundi 14, ufuta ukiwemo, na sharti hilo linagusa pia mikahawa. Marekani iliuongeza kama wa tisa katika orodha yake, kuanzia Januari 2023. Halafu likatokea jambo lililonikasirisha sana: baadhi ya waokaji wakubwa wakaona ni rahisi kuongeza ufuta kidogo kwenye mikate na kuutaja kuliko kusafisha mitambo. Walitimiza sheria na kuwafungia mlango wale wale ambao sheria iliwekwa kwa ajili yao. Kwa hiyo soma lebo kila unaponunua, hata ya bidhaa uliyoizoea.

Yale maneno "huenda ina chembe" katika nchi nyingi ni ya hiari na hayana kipimo kimoja, kwa hiyo kuwepo kwake hakukuambii ni kiasi gani, na kutokuwepo kwake si uthibitisho wa usalama. Kama uliwahi kulazwa, yaheshimu.

Ukila nje, acha kuuliza "kuna ufuta?". Mhudumu atajibu kwa kuangalia juu ya sahani. Sema: "Nina aleji ya ufuta inayoweza kuniua. Naomba umuulize mpishi mafuta aliyotumia, mchuzi umetengenezwa na nini, na kikaango kimepikiwa nini kabla." Tahini ni ufuta, itaje kwa jina. Nenda wakati hakuna msongamano. Mtu akikujibu "sijui" mshukuru, huyo amekuheshimu. Anayejibu "hakuna" bila kwenda jikoni ndiye wa kumkimbia.

SWALI

Mama, kuna kipimo kinatangazwa kwenye simu, unatuma tone la damu wanakuletea orodha ya vyakula 90 unavyopaswa kuacha. Nitume?
Mchovu wa Tumbo

JIBU

Usitume, mwanangu. Vipimo hivyo vingi hupima kingamwili aina ya IgG, ambayo huonyesha tu kwamba umewahi kula chakula hicho. Ya aleji ya haraka ni IgE, iliyogunduliwa katikati ya miaka ya 1960, na hata hiyo peke yake haitoshi bila historia ya kilichokupata. Vyama vya madaktari wa aleji vya Ulaya na Marekani vimeonya dhidi ya IgG kwa kazi hiyo. Nimeona watoto waliokonda kwa kunyimwa vyakula kwa orodha kama hizo. Nenda kwa daktari na tumbo lako.

SWALI

Shikamoo mama. Nina miaka 19, aleji ya karanga toka mdogo. Nyumbani mama alikuwa ananisimamia, sasa niko chuoni. Sindano naiacha chumbani kwa sababu haikai mfukoni na washikaji watauliza. Nimeanza kutoka na msichana, sijamwambia. Nitamwambiaje bila kuonekana mgonjwa?
Kijana wa Chuo

JIBU

Marahaba baba. Umefanya vyema kuuliza.

Umri wako ndio tunaouhofia kuliko wote. Vijana na vijana wakubwa wanaonekana mno katika vifo vya aleji ya chakula, na sababu ni hizo ulizozitaja: dawa imebaki chumbani, marafiki hawajui, mtu anaona haya anajifungia chooni peke yake. Ukihisi koo linabana usijifiche kamwe. Baki palipo na watu.

Huyo msichana mwambie kabla ya busu. Protini ya karanga hubaki kwenye mate baada ya kula, na kupiga mswaki peke yake si dhamana. Kilichoonekana kufaa zaidi ni kupita saa kadhaa na kula mlo mwingine usio na karanga. Hotuba haihitajiki. "Nina aleji ya karanga, ni kali. Ukila karanga siku tunayoonana, niambie. Na sindano yangu iko hapa, ukiniona nimevimba nichome pajani." Ukimaliza, mwonyeshe jinsi ya kuishika. Akicheka au akikuona mzigo, umemjua mapema. Wengi hawacheki, huuliza maswali na kesho yake wanasoma lebo kukuzidi.

Washikaji waambie wawili watatu unaolala nao chumba kimoja. Kama una pumu, itumie dawa yake ya kila siku bila kuruka, kwa sababu pumu isiyodhibitiwa ndiyo inayoigeuza aleji ya chakula kuwa ya kuua. Ujue pia kwamba pombe na mazoezi makali karibu na mlo vinaweza kuifanya athari iwe mbaya zaidi.

Sindano zibebe mbili, katika mfuko mdogo wa kiunoni au ndani ya begi unalotembea nalo kila mahali. Tarehe ya mwisho iandike kwenye kalenda ya simu, na mwezi mmoja kabla yake nenda kliniki ukaombe nyingine. Zikiisha kabla hujapata fedha ya mpya, usizitupe: ya zamani ambayo maji yake bado ni maangavu, bila rangi wala chembe, ni afadhali kuliko mikono mitupu.